Mkate wa sinia mbele ya simu: wanafunzi wanapofundishana mtandaoni

"Ma, usiukate kwanza."

Ilikuwa Ramadhani, robo saa hivi kabla ya adhana ya magharibi, na mkate wa sinia ndio kwanza umetoka jikoni. Binti wa jirani yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, mwanafunzi wa gredi ya saba, alikuwa ameiegemeza simu ya mamake kwenye mkebe wa sukari, kamera ikiangalia sinia. Alitaka kurekodi somo la dakika nne juu ya kujumlisha akisami, kisha alitume kwenye kundi la wanafunzi wenzake. Mamake akampa kisu. Akaukata mkate vipande vinane, akaonyesha kwamba nusu ni vipande vinne na robo ni viwili, jumla sita. Mpaka hapo maneno yalimtoka vizuri. Alipovuta karatasi aiandike hesabu yenyewe, nusu jumlisha robo, mdogo wake akauliza kutoka pembeni: "Dada, mbona namba za chini huzijumlishi?"

Msichana akanyamaza. Kanuni aliijua, na wiki iliyotangulia alikuwa amepata alama nzuri kwenye jaribio la mada hiyohiyo. Sababu ya kanuni ndiyo hakuwa nayo.

Simu iliendelea kurekodi kimya kile, na kwangu mimi hicho ndicho kipande chenye thamani kuliko vyote vya video ile. Nataka kueleza kwa nini, maana mazungumzo yetu kuhusu majukwaa ya mtandaoni ambako wanafunzi hutunga masomo mafupi na kusambaziana yamechanganya mambo mengi. Wengine wanayaona kama shule mpya, wengine kama upotezaji wa wakati na bando, na pande zote mbili mara nyingi huwa zinamtazama mtu asiye sahihi. Zote mbili zinahesabu watazamaji. Yule aliyeshika kisu husahaulika, hata hatajwi.

Vitu vitatu kwa jina moja

Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe "anasoma mtandaoni", huenda mtoto yuko kwenye kitu kimoja kati ya vitatu visivyofanana.

Kuna maktaba za masomo yaliyotungwa na watu wazima. Inayojulikana zaidi ni Khan Academy, na asili yake inafaa kukumbukwa. Mwaka 2004 Salman Khan, akiwa Boston, alianza kumfundisha hesabu binti wa ukoo wao aliyekuwa New Orleans, kwa simu na kompyuta. Ndugu wengine wakataka kufundishwa pia, akaanza kuweka video kwenye YouTube mwaka 2006, na mwaka 2008 ikawa taasisi. Huko mwanafunzi hutazama, hufanya mazoezi, hupimwa.

Kuna mitandao ya video fupi, kama TikTok, ambako somo la kemia linakaa katikati ya mapishi na vichekesho. Kompyuta za mtandao ndizo zinazoamua nani aone nini, na kipimo chao ni kama mtazamaji amebaki au ameipitisha video kwa kidole. Kama alichoambiwa ni kweli, hilo halimo katika hesabu yao.

Halafu kuna majukwaa yaliyoundwa makusudi ili mwanafunzi mwenyewe awe mtungaji. Katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Paul Denny na wenzake walitengeneza PeerWise, wakaanza kuieleza kwa walimu wengine karibu na mwaka 2008. Mwanafunzi hutunga swali la majibu ya kuchagua, huandika maelezo ya kwa nini jibu sahihi ni sahihi, na wenzake hulijibu, hulipima na kulikosoa. Flipgrid, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Minnesota, ilimpa mwanafunzi dakika chache za kujirekodi akijibu swali la mwalimu na wenzake wakamjibu kwa video. Na kwetu Mombasa kuna kundi la WhatsApp, ambalo halikuundwa kwa kazi hii, lakini ndilo ninaloliona likiifanya kuliko jukwaa jingine lolote.

Ninachozungumzia hapa ni hili la tatu. Nimeyataja yale mawili ya mwanzo kwa sababu lawama na sifa zake hubandikwa hili la tatu bila haki.

Chuoni, Madras, London

Wazo lenyewe si geni kwa mtu aliyelelewa pwani. Waliosoma chuoni, yaani madrasa ya Qurani, wanakumbuka: mwalimu mmoja, watoto wamejaa jamvi zima, na aliyekwisha kuvuka Juzuu Amma anaitwa amsomeshe aliye kwenye alifu, be, te. Hakuna aliyeona ajabu. Mkubwa akikosea, mwalimu alisikia kutoka alipokaa na kumrekebisha mbele ya mdogo wake.

Mwishoni mwa karne ya 18 Mskoti mmoja, Andrew Bell, alikuwa akisimamia shule ya mayatima wa wanajeshi huko Madras, mji ambao leo ni Chennai. Aliona watoto wa Kihindi wakifundishana kuandika kwenye mchanga, akaiga, akawaweka wanafunzi wakubwa kuwafundisha wadogo, na mwaka 1797 akaandika kuhusu jaribio hilo. Mwaka uliofuata, 1798, Joseph Lancaster akafungua shule yake London kwa mtindo unaokaribiana na huo: mwalimu mmoja na mamia ya watoto, katikati yao wanafunzi viranja waliopewa cha kusema. Utaratibu ulienea duniani kwa sababu ulikuwa rahisi kwa mfuko. Baadaye ukaachwa, na sababu moja kubwa ni kwamba kiranja alikuwa anapitisha maneno tu. Alikariri alichopewa, akakikaririsha kwa wengine.

Kosa hilo la Lancaster lisahauliwe kwa sasa, lakini litarudi.

Katika miaka ya 1980 Jean-Pol Martin, mwalimu wa Kifaransa nchini Ujerumani, alilichukua wazo upya. Aliwapa wanafunzi wake kipande cha somo wakiandae wenyewe: wachague mifano, watunge maswali, wasimame mbele ya darasa na kuliongoza. Yeye akakaa nyuma, akiingilia pale tu mambo yalipokwama. Aliliita kujifunza kwa kufundisha. Tofauti na shule za London ni kubwa, kwani hapa mwanafunzi hakupewa maneno.

Kinachotokea kichwani mwa anayefundisha

Turudi kwenye kimya cha yule binti.

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Leonid Rozenblit na Frank Keil, walichapisha majaribio yaliyoonyesha jambo ambalo kila mtu anaweza kulijaribu nyumbani. Waliwauliza watu wanaelewa kiasi gani zipu inavyofanya kazi, au kufuli, au choo cha kuvuta maji. Watu wakajipa alama za juu. Kisha wakaombwa waeleze hatua kwa hatua. Walipomaliza wakaulizwa tena wajipe alama, na alama zikashuka. Ujuzi walioamini wanao ulikuwa ni mazoea ya kukitumia kitu.

Mkazi wa Mombasa anaweza kujipima kwa feri ya Likoni. Tumeipanda tangu utotoni, inabeba malori na maelfu ya watu, na ni chuma. Kwa nini haizami, ilhali msumari mdogo ukiangushwa majini huzama papo hapo? Wengi tutaanza kwa ujasiri, na kwenye sentensi ya pili au ya tatu tutaanza kutafuta maneno. Pale tunapoanza kuyatafuta ndipo elimu yetu ilipokomea, na hatukupajua mpaka tulipofungua mdomo.

Kutazama video ya mtu mwingine hakukufikishi hapo. Maelezo yakiwa mazuri unatikisa kichwa, unajisikia umeelewa, unaenda kwenye video inayofuata. Kutunga somo kunakulazimisha ufike. Hata kule kujua tu kwamba utafundisha kunabadilisha namna unavyosoma. Mwaka 2014 John Nestojko na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walipewa maandishi yaleyale; kundi moja likaambiwa litafanyiwa mtihani, jingine likaambiwa litamfundisha mtu. Hakuna aliyefundisha. Wote wakapimwa, na waliodhani watafundisha walikumbuka zaidi, hasa mambo makuu, na walikumbuka kwa mpangilio mzuri. Walikuwa wamesoma kwa kujiuliza nini kianze na nini kifuate.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote katika mada hii ulitoka Singapore mwaka 2018. Aloysius Koh na wenzake waliwapa wanafunzi wasome kuhusu jambo ambalo kila mtu wa mjini amelisikia: honi ya gari inayokujia kwa kasi husikika nyembamba, na likishakupita sauti hunenepa ghafla. Simama kando ya barabara ya Nyali matatu zikipita utaisikia. Wanafizikia huliita tokeo la Doppler. Baada ya kusoma, baadhi walifundisha somo hilo bila karatasi yoyote mbele yao. Wengine walifundisha wakisoma hotuba iliyokwisha kuandikwa. Wengine hawakufundisha, walitakiwa tu wakumbuke na kuandika walichosoma. Wengine walifanya hesabu zisizohusiana. Wiki moja baadaye wakapimwa. Waliofundisha kwa kichwa walifanya vizuri kuliko waliofundisha kwa kusoma hotuba, na waliokaa kimya wakijikumbusha walifanya vizuri pia.

Hapo ndipo kosa la London linaporudi. Mwanafunzi anayesimama mbele ya simu na kusoma aliyonakili kitabuni, au siku hizi aliyoandikiwa na programu ya akili mnemba, ni kiranja wa Lancaster. Somo lake linaweza kuwa sahihi kila neno na yeye asibaki na kitu. Kinachojenga ni ile kazi ya kulivuta jambo kutoka kwenye kumbukumbu, bila daftari, na kulipanga wakati unaongea. Kamera haina uwezo wowote wa ajabu. Inafaa kwa sababu inampa mtoto sababu ya kufanya kazi hiyo, na mtu wa kumfanyia.

Huyo mtu wa kumfanyia naye ana uzito wake. Watafiti wa Stanford na Vanderbilt waliwahi kutengeneza programu yenye mhusika aitwaye Betty, ambaye watoto walitakiwa wamfundishe sayansi. Betty ni picha tu kwenye kompyuta. Lakini katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, watoto waliojiona walimu wa mhusika wa namna hiyo walitumia muda mwingi zaidi kusoma kuliko waliosoma kwa ajili yao wenyewe. Kama mtoto anaweza kuwajibika hivyo kwa katuni, basi fikiria atakavyowajibika kwa mdogo wake aliyekaa pembeni akiwa na njaa ya saumu.

Kwa nini mwenzako wakati mwingine hukufaa kuliko mwalimu

Faida kubwa ni ya mtungaji, lakini msikilizaji naye hatoki mikono mitupu. Mwaka 1990 Elizabeth Newton wa Stanford aliwaomba watu wagonge mezani kwa kidole mapigo ya nyimbo zinazojulikana na wote, na wengine wasikilize na kuzitaja. Wagongaji walikadiria kwamba nusu ya nyimbo zitatambulika. Katika nyimbo 120, zilizotambulika zilikuwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, na hawezi kuamini kwamba mwenzake anasikia tu ko, ko, ko.

Mwalimu aliyefundisha akisami kwa miaka ishirini anausikia wimbo mzima. Amesahau ilivyokuwa kutozijua. Mwanafunzi aliyeelewa juzi bado anakumbuka mwiba ulimchoma wapi, na katika akisami mwiba ni mmoja, unaojulikana na kila mwalimu wa hesabu: nusu jumlisha robo, mtoto anajumlisha za juu, 1 na 1, anapata 2, anajumlisha za chini, 2 na 4, anapata 6. Jibu lake, mbili juu ya sita, ni thuluthi. Mtu alikuwa na nusu ya mkate, akaongezwa robo, akabaki na thuluthi, yaani pungufu ya alichoanza nacho. Kwenye sinia la vipande vinane, alikuwa na vinne, akaongezewa viwili, na hesabu inamwambia sasa hafikishi hata vitatu.

Mwalimu mzuri anaweza kulionyesha hilo. Ila mtoto wa gredi ya saba hulionyesha kwa namna nyingine, kwa sababu ni kosa lake la mwezi uliopita, na anapolitaja sauti yake inasema kwamba si aibu.

Lugha nayo inahusika hapa kuliko tunavyokiri. Kuanzia gredi ya nne masomo mengi nchini hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Kisauni au Majengo anaweza kulikariri jina la Kiingereza la namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, akaliandika bila kosa, akapata tiki. Akitakiwa kumweleza nduguye kwa Kiswahili, jina halimsaidii tena. Lazima aseme jani linachukua nini, jua linafanya nini, hewa gani inatoka. Neno usanisinuru lipo, na ni zuri, ila nalo bado linahitaji kufafanuliwa. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi na mwanaleksika aliyeishi mji huu, alitumia maisha yake kuvitafutia vitu vipya majina kutoka hazina ya lugha za pwani, na runinga ni mojawapo. Kazi hiyo haikuwa ya kubandika jina, kwani alilazimika kwanza kukifahamu kitu kinafanya nini. Mtoto anayetafuta neno la Kiswahili la jambo alilofundishwa kwa Kiingereza anafanya kazi ya aina hiyohiyo, kwa kiwango chake. Natamani walimu wasiipuuze, hata kama mtihani utakuja kwa Kiingereza.

Kosa linaposafiri

Sasa upande unaowatia wazazi hofu, na ni haki yao. Vitabu vya shule nchini hupitia kwenye Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, kabla ya kufika darasani. Video ya mtoto haipitii popote. Akifundisha kwamba nusu na robo ni thuluthi, akiwa na sauti nzuri na mwanga mzuri, itasambaa.

Dawa ya hili haiko kwenye kupiga marufuku, na haiko kwenye idadi ya mioyo na vidole gumba chini ya video. Alama hizo hupima kupendeza. Nimeona somo lenye kosa la wazi likisifiwa na watu kadhaa na hakuna hata mmoja aliyelifanya lile swali kwa mkono wake. Ndiyo sababu PeerWise iliwekwa jinsi ilivyo: kabla ya kulipima swali la mwenzako, unalijibu, na pale jibu lako na la mtungaji yanapogongana, mnabishana chini yake kwa maandishi. Mzozo huo ni sehemu ya somo. Chuoni palikuwa na sikio la mwalimu lililosikia kosa kutoka mbali. Kundi la WhatsApp linahitaji sikio hilo pia. Mwalimu hahitaji kutazama kila kitu. Akipita mara moja kwa wiki, akauliza "huyu amesema hivi, nani hakubali, na kwa nini?", amefanya kazi ambayo hakuna kompyuta ya mtandao inayoifanya.

Na mtungaji aliyekosea asifute. Arekodi kipande kifupi aseme alikosea wapi. Wasikilizaji wake wengi wana kosa hilohilo, na sahihisho lake litawafaa kuliko video ambayo tangu mwanzo haikuwa na doa.

Fupi kiasi gani

Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video za masomo ya jukwaa la edX. Iwe video ni ya dakika kumi au arobaini, muda wa kati wa utazamaji haukuzidi dakika 6. Tangu hapo dakika sita zimekuwa kama sheria. Mimi naomba tuwe waangalifu. Walichopima ni muda ambao watu walibaki wakitazama, na hilo halituambii walielewa nini. Iko mada isiyoelezeka kwa dakika sita hata kwa bingwa.

Kwa mtungaji, hata hivyo, ufupi una faida nyingine isiyotajwa. Dakika nne humlazimisha kuchagua. Hawezi kufundisha akisami zote; achague kujumlisha, tena zenye namba za chini tofauti, tena kwa mfano mmoja. Kuchagua kipi kiachwe ni kuelewa kipi ndicho kiini. Jambo jingine katika utafiti huo linawafaa sana watoto wetu: video zenye mkono unaoandika na kuchora hatua kwa hatua ziliwashika watazamaji kuliko zile za kurasa zilizopangwa tayari. Mkono, karatasi, kalamu. Hakuna cha kununua.

Isipokuwa bando.

Nyaya chini ya miguu yetu

Hili linaniuma, na sitalipitia haraka. Mombasa ndio mlango wa intaneti ya nchi. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti. Mwaka huo nyaya mbili za baharini, SEACOM na TEAMS, hii ya pili ikitoka Fujairah kwenye Umoja wa Falme za Kiarabu, zilitua kwenye ufuo wetu, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Nyingine zimekuja baadaye. Data za Nairobi, Kampala na Kigali hupita chini ya mchanga tunaoukanyaga. Na bado, mwendo mfupi kutoka pale nyaya zinapotokea, mtoto anahesabu megabaiti kama anayehesabu punje za mchele.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, na wengi wasirudi darasani mpaka Januari 2021, tuliona wazi maana yake. Masomo yalikuwepo hewani. Aliyekuwa na simu na bando aliyapata, na aliyebaki aliambiwa asubiri.

Kwa hiyo anayetaka kuanzisha kitu hiki kwenye mtaa au shule yake aanze na uzito wa faili. Dakika moja ya video safi ya simu inaweza kupita megabaiti mia. Ileile ikipunguzwa ubora hushuka hadi megabaiti chache, na mkono na karatasi bado vinaonekana. Ujumbe wa sauti wa dakika nne, ukifuatana na picha moja ya ukurasa ulioandikwa, haufiki megabaiti mbili, na kwa hesabu au sarufi unatosha kabisa. Video nzito zipitishwe mkononi, simu kwa simu kwa Bluetooth au kwa memori kadi, jioni barazani. Nimeona kadi moja ikizunguka nyumba tano kwa wiki moja. Huo nao ni mtandao.

Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na sina ugomvi nazo. Kazi hii ni ya nyumbani na ya likizo, na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, tayari unamtaka mtoto afanye kitu na akieleze, si akikariri tu.

Uso wa mtoto

Msichana wa jirani yangu ana miaka kumi na miwili. Mitandao mingi mikubwa inataka mtumiaji awe na miaka 13, kwa hiyo alitumia simu ya mamake na kundi la wanaojuana, na hivyo ndivyo inavyofaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na picha ni taarifa. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja nchini faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kwa bahati nzuri somo halihitaji uso. Kamera iangalie sinia, mikono na karatasi. Lisitajwe jina kamili, isionekane nembo ya shule, wala mlango wa nyumba. Wako wazazi wengi hapa Mombasa wasiotaka binti zao waonekane mtandaoni, na msimamo huo usiwe sababu ya mtoto kunyimwa nafasi ya kufundisha.

Jambo moja zaidi, fupi: nakala zihifadhiwe nyumbani. Flipgrid niliyoitaja ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018, ikabadilishwa jina kuwa Flip, na Julai 2024 ikafungwa kama huduma ya kujitegemea. Masomo ya mtoto yasikae mahali pamoja tu, tena pasipo pake.

Kuhusu ile video ya mkate wa sinia, haikutumwa jioni ile. Adhana iliadhiniwa, vipande vinane vikaliwa. Siku ya pili msichana alirudia, safari hii bila daftari, na alipofika kwenye namba za chini alisimama mwenyewe kabla hajaulizwa. Alisema namba ya chini haihesabu vipande, inasema tu mkate umekatwa vipi. Kwa hiyo mkate uleule mmoja huwezi kuukata mara mbili na kusema umekatwa sita. Kwanza nusu igeuzwe iwe robo mbili, ndipo zihesabiwe: robo mbili na robo moja, robo tatu. Mdogo wake akasema, "Aa."

Akaituma. Usiku, baada ya tarawehe, mwanafunzi mwenzake wa Likoni akaandika kwenye kundi: na robo tatu jumlisha robo tatu je, mkate si utakwisha? Nilimsikia akimwomba mamake kesho apike miwili.